Karatasi zimeisha: kabla ya kumkata karani primi, fungueni faili la kumbukumbu

Mwisho wa mwezi, katika biro nyingi za Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kisangani, kuna mazungumzo yanayofanana. Ekonoma anahesabu rame za karatasi, anaangalia tona iliyoisha kabla ya siku zake, kisha anamwita karani. Karatasi zimekwenda wapi? Karani anajibu: «Shefu, mimi nilichapa barua na ripoti tu.» Shefu hana namna ya kuhakikisha, karani hana ushahidi wa kuonyesha. Mara nyingi jambo linaishia kwa mwenye nguvu: primi inakatwa, au neno «mwizi» linabaki likizunguka kwenye korido hata kama halikutamkwa mbele ya mhusika.

Kinachosikitisha ni kwamba jibu mara nyingi lipo, au lingekuwepo, ndani ya chumba kilekile. Liko ndani ya kompyuta inayosimamia printa, katika faili ambalo hakuna aliyelifungua tangu siku mashine iliposimikwa. Mafundi wa informatiki wanaliita logi. Ni daftari ambalo programu inajiandikia yenyewe: saa fulani, mtu fulani, kutoka kompyuta fulani, alituma kazi namba fulani, kurasa kadhaa, na kazi hiyo iliisha vizuri au ilikwama. Kuna pia daraja la juu zaidi, lile wanaloliita dibagi, ambapo programu inaandika kila hatua ndogo inayopita, hata zile ambazo kwa kawaida ingezinyamazia.

Programu za kusimamia uchapaji zimeingia kwa wingi katika vyuo vikuu, mashirika, mabenki na hata sekretaria publiki kadhaa zilizo kando ya barabara. Zinampa kila mtu kiwango chake cha kurasa, zinakata franga kwa mwanafunzi anayechapa kazi yake ya mwisho wa masomo, zinamtolea mkubwa wa kazi ripoti yenye rangi. Ripoti hiyo inapendwa sana. Inapigwa muhuri, inawekwa kwenye faili la ofisi, inasomwa mkutanoni kama vile imetoka mbinguni. Lakini ripoti ni hesabu ya mwisho tu. Haielezi kazi ilipitia wapi. Anayemhukumu mtu kwa ripoti peke yake, bila kufungua logi iliyoizaa, anafanya kama jaji anayesoma kichwa cha mashtaka na kuacha kurasa za ndani.

Tuchukue jambo linalojulikana na kila mtu mashariki mwa nchi: umeme. Mwalimu anatuma mtihani wa kurasa 300. Printa inafika kwenye ukurasa wa 180, umeme unakatika. Baada ya saa moja jenereta inawashwa, kompyuta inaamka, foleni ya uchapaji inakuta kazi ambayo haikumalizika, inaianza upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Mezani kuna karatasi 480. Ekonoma anaona karatasi 180 zisizo na mwenyewe. Je, mwalimu alibofya mara mbili kwa siri, ili achape na za mtoto wake? Kwa macho hakuna awezaye kujua. Katika logi, kwa kawaida, tofauti ni kama mchana na usiku: kazi iliyorudiwa na mashine yenyewe inabaki na namba yake ileile, na namba hiyo inaonekana ikianza mara mbili, mtu aliyebofya mara mbili anaacha namba mbili tofauti. Hapo hakuna haja ya kuapa wala ya kumwita mchungaji.

Lakini shurti daftari liwe linaandikwa. Na hapa ndipo lawama inapaswa kuhama kutoka kwa karani kwenda kwa wenye kusimika mashine.

Katika Windows, ambayo ndiyo imejaa katika biro zetu, kuna sehemu inayoitwa, kwa wenye toleo la Kifaransa, Observateur d'événements. Ndani yake, chini ya matawi ya Microsoft na Windows, kuna tawi la PrintService, na ndani ya tawi hilo kuna daftari linaloitwa Operational. Kila kazi inayochapwa huandikwa humo kwa tukio namba 307: nani, kutoka kompyuta gani, kwa printa gani, ukubwa gani, kurasa ngapi. Shida ni kwamba daftari hilo limezimwa tangu kiwandani. Mtu lazima aende alibofye na kuliwasha kwa mkono wake. Biro inaweza kufanya kazi miaka mitano, kila mtu akiamini kwamba «kompyuta inajua yote», kumbe kompyuta haikuandika hata mstari mmoja. Siku ya ugomvi fundi anaitwa, anafungua daftari, analikuta tupu. Si kwamba karani alifuta. Hakuna aliyewahi kuambia mashine iandike.

Hata likiwashwa, ukubwa wake wa kawaida ni karibu megabaiti 1 tu. Likijaa, mistari ya zamani inafutwa ili mipya ipate nafasi. Kwa shule inayochapa mitihani, hiyo inaweza kumeza kumbukumbu za muhula uliopita bila mtu kujua. Na kuna mtego mwingine ambao umewatia aibu wakubwa kadhaa wa kazi: namba ya kurasa katika tukio 307 mara nyingi haizidishwi kwa idadi ya nakala. Waraka wa kurasa 2 uliotolewa nakala 150 unaweza kuonekana kama kurasa 2. Kwa hiyo anayejumlisha safu ile na kuilinganisha na rame zilizokwisha atakuta pengo kubwa, atadhani amegundua wizi, kumbe amegundua namna programu inavyohesabu. Ndiyo maana shahidi wa tatu anahitajika, naye ni kaunta ya printa yenyewe, ile inayotokea ukichapa ukurasa wa hali ya mashine. Ripoti, logi na kaunta zikipatana, hapo mtu anaweza kuanza kuzungumza. Zisipopatana, kazi ya kwanza ni kutafuta kwa nini, kabla ya kutafuta nani.

Wenye kutumia Linux wana mfumo wa CUPS, ulioanzishwa na Mmarekani Michael Sweet miaka ya 1990 mwishoni na kuchukuliwa baadaye na Apple kwa kompyuta zake. CUPS inaweka madaftari yake katika folda ya /var/log/cups. Kuna access_log, inayoandika nani aligonga mlango. Kuna error_log, inayoandika matatizo. Na kuna page_log, inayopaswa kuandika kurasa. Hiyo ya mwisho, katika matoleo ya sasa, inabaki tupu mpaka fundi ajaze mstari wa PageLogFormat katika mipangilio. Ni hadithi ileile ya Windows kwa mavazi mengine: chombo kinachoweza kumwokoa mtu kipo, kimelala.

Error_log ndiyo shule nzuri zaidi kwa fundi kijana. Kila mstari unaanza kwa herufi moja: E ni kosa, W ni onyo, I ni habari, D ni dibagi. Kwa kawaida mfumo huandika maonyo na makosa tu. Fundi akitaka kuona kila kitu, anaandika amri cupsctl --debug-logging, anamwomba mtu achape tena ule waraka unaokataa, halafu anazima kwa cupsctl --no-debug-logging. Kisha anatafuta namba ya kazi, mfano Job 412, na kuifuata mstari kwa mstari kama mwindaji anavyofuata nyayo za swala baada ya mvua. Kosa wanalolifanya wengi ni kunakili mstari wa mwisho peke yake, ule unaosema kwamba «filter» imeshindwa, na kuutuma kwa WhatsApp wakiuliza dawa. Mstari huo ni kilio cha mgonjwa, siyo jina la ugonjwa. Sababu iko juu kidogo, katika mistari ya D: faili lililokosekana, ruhusa iliyonyimwa, au programu ndogo ya kugeuza waraka ambayo haikusimikwa. Mwenye subira ya kupanda mistari ishirini juu hupata kile ambacho mwingine analipia printa mpya.

Lakini dibagi si jambo la kuwasha na kusahau. Daftari la CUPS, likifika megabaiti 1, linabadilishwa jina na kuwa error_log.O, na lile la zamani lenye jina hilo linafutwa. Dibagi inaandika haraka sana, hata inaweza kufuta ushahidi uliotafutwa kwa wingi wa maneno yake yenyewe. Fundi mzuri anawasha, anarudia tatizo, ananakili faili kwenye ufunguo wa USB, anazima. Fundi mvivu anawasha Jumatatu, anarudi Ijumaa, anakuta bahari.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havisemi, kwa sababu haviandikiwi Kongo. Nchi hii ina saa mbili. Kinshasa ikiwa saa 8 mchana, Bukavu na Lubumbashi ni saa 9. Shirika lenye seva yake Kinshasa na biro yake Uvira litasoma katika logi kwamba waraka ulichapwa saa 5 na nusu, wakati karani wa Uvira ana watu kumi wa kushuhudia kwamba saa 5 na nusu alikuwa benki. Wote wanasema kweli. CUPS inasaidia kidogo kwa kuandika mwishoni mwa saa alama ya +0100 au +0200, lakini nani anaitazama? Programu nyingine zinaandika kwa saa ya Greenwich, na hapo tofauti na mashariki inakuwa saa mbili. Ongeza na zile kompyuta za zamani ambazo betri yao ndogo ya ndani imekufa: kila umeme ukikatika zinaamka zikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Adhabu iliyotolewa kwa kutegemea saa ambayo hakuna aliyeihakikisha ni adhabu ya kubahatisha.

Wengine watasema hayo ni mambo madogo, karatasi ni karatasi. Waangalie yaliyotokea mwaka 2023. Programu ya PaperCut, iliyotengenezwa Australia na kutumiwa sana katika vyuo na makampuni duniani, ilikutwa na tundu lililomruhusu mtu wa nje kuingia katika seva bila neno la siri. Kampuni ilitoa matoleo yaliyozibwa mwezi Machi. Mwezi Aprili ilitangaza kwamba seva ambazo hazijazibwa zilikuwa zinashambuliwa. Wasimamizi walijuaje kama wamevamiwa? Waliambiwa wasome logi. Watafute, kwa mfano, mabadiliko yaliyofanywa na mtumiaji anayeitwa «setup wizard», yaani kile kisaidizi cha kusimika programu, wakati hakuna mtu aliyekuwa akisimika chochote siku hiyo. Na wale ambao seva zao zilikuwa katika hali ya dibagi walikuwa na alama ya ziada ya kutafuta ndani ya server.log. Aliyekuwa na madaftari alijua. Asiyekuwa nayo alibaki kukisia. Seva ya printa, ambayo watu huiona kama mtumishi wa jikoni, ilikuwa mlango wa kuingilia nyumba nzima.

Na kuhusu haki, mfano mkubwa zaidi haukutoka Afrika. Ni ule wa Posta ya Uingereza. Programu yake ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilionyesha kwamba pesa zinapungua katika posta ndogo za vijiji na mitaa. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba zao kulipa deni ambalo halikuwepo. Mahakama iliamini kompyuta. Mwezi Desemba 2019 jaji Peter Fraser aliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa mapengo yale. Katika kesi hiyo, daftari la ndani la makosa yaliyojulikana lilikuwa miongoni mwa ushahidi muhimu, na Posta kwanza ilipinga kulitoa. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Nchi yenye majaji na mawakili wengi namna ile ilihitaji miaka ishirini ili watu wakubali kwamba jumla iliyo kwenye skrini inaweza kudanganya. Karani wa Kalemie hana miaka ishirini. Ana mshahara wa mwezi huu na kodi ya nyumba.

Wakongomani, kwa kweli, si wageni katika mjadala huu. Mashine za uchaguzi wa Desemba 2018, zilizotoka kwa Miru Systems ya Korea Kusini, zilikuwa kwa sehemu kubwa printa: mpiga kura aligusa skrini, mashine ikachapa chaguo lake juu ya karatasi. Watu walibishana miezi mingi, kwenye redio na chini ya miembe, juu ya kinachobaki ndani ya mashine na nani ana haki ya kukitazama. Swali hilohilo, lililoulizwa kwa nguvu kwa ajili ya nchi, haliulizwi kabisa kwa ajili ya mtumishi mmoja.

Upande wa pili una hoja zake na si za kudharau. Wakubwa wa kazi wanasema logi zimeandikwa kwa Kiingereza, karani hataelewa. Ni kweli kwamba mistari mingi ni ya Kiingereza. Lakini saa, jina, namba ya kazi na idadi ya kurasa hazina lugha. Mama anayeuza vitenge Kadutu anasoma fakture ya Kichina bila kujua Kichina, kwa sababu anajua safu ipi ni bei na safu ipi ni idadi. Hoja ya pili ni nzito zaidi: anayesimamia seva anaweza kulibadilisha faili. Ndiyo, anaweza, kwani logi nyingi ni maandishi ya kawaida. Ndiyo maana haifai fundi huyohuyo awe mlinzi wa daftari, shahidi na mshitaki. Nakala itumwe kila usiku kwenye kompyuta nyingine, na ufunguo wa kompyuta hiyo uwe mikononi mwa mtu mwingine.

Hoja ya tatu wakubwa hawaisemi, bali inapaswa kusemwa na wafanyakazi. Logi inaona mengi. Inaweza kuandika jina la waraka, na jina la waraka linaweza kuwa «matokeo ya mgonjwa» likifuatwa na jina lake, au «barua ya kuomba kazi kwingine». Windows yenyewe, katika matoleo mapya, huficha jina la waraka katika tukio 307 na kuandika neno la jumla mpaka msimamizi aruhusu. Ni uamuzi mzuri. Kongo ina sheria yake ya mambo ya kidijitali, ile Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na sheria hiyo inalinda habari za watu binafsi. Biro inayowasha daftari lazima iwaambie wafanyakazi kwamba limewashwa, linaandika nini, na litahifadhiwa kwa muda gani. Daftari la siri linageuka haraka kuwa fimbo. Mkubwa anayelifungua kila asubuhi ili kujua nani anatafuta kazi mahali pengine hajatatua tatizo la karatasi hata kidogo.

Kinachodaiwa hapa hakihitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Prefe wa shule, mkurugenzi wa hospitali, mkubwa wa shirika wanaweza kumwita fundi wao wiki hii na kumuuliza maswali machache. Daftari la uchapaji limewashwa? Lina ukubwa gani, na linafika nyuma hadi tarehe ipi? Saa ya seva ni ya Kinshasa au ya hapa? Nakala iko wapi? Fundi asiyeweza kujibu apewe siku mbili akatafute. Na mkataba wa fundi wa nje uandikwe wazi kwamba, akija kutengeneza, ataacha nakala ya logi aliyoisoma na mstari uliomwonyesha kosa. Kwa sasa wengi huja, huzima na kuwasha, hupokea dola zao, huondoka, na tatizo hurudi kabla pikipiki yao haijafika kwenye kona.

Kuna na jambo la kiti. Siku ya kufungua faili, mara nyingi shefu na fundi hukaa mbele ya skrini na karani husimama upande wa pili wa meza, akitazama mgongo wa kompyuta, akisubiri aambiwe ilichosema. Asogezewe kiti aketi upande wa skrini. Huenda ndiye atakayesema: «Huyu wa saa 11 jioni, kompyuta ya tatu, si mimi, ile iko katika chumba cha mikutano, na jioni haifungwi.»